Nyekundu Niliyoitaka Mimi

Nianze na shangazi, maana ndiye niliyemkosea kwanza. Sikumtukana matusi ya nguoni, sikufika huko. Ila nilimwambia, mbele ya fundi na mbele ya wateja wawili waliokuja kununua misumari, kwamba uzee umempanda kichwani, na kwamba akitaka kuogopa radi akaogope kwake. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Na nilimwambia hayo kwa sababu ya rangi ya gari.

Mimi nina hasira, najijua. Watu wa Kizwite, hapa Sumbawanga, nao wananijua. Nina duka la vifaa vya ujenzi: saruji, bati, misumari, na mdomo. Akija mtu kunipunja nampa vyake hapo hapo, halafu namfungia mzigo wake vizuri aende. Hasira hasara, wananiambia. Nawaambia hasara yangu naibeba mwenyewe. Mara hii sikuibeba mwenyewe.

Gari ni la baba. Baba alikuwa bwana mifugo wa serikali enzi hizo, na gari lenyewe alilinunua kwa Mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Gari la spoti, la milango miwili, boneti refu, viti viwili mbele, na nyuma kijinafasi cha kukalia mbuzi. Limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magoti ya watu. Bwana mifugo wa wapi ana gari kama hilo? Lakini baba alishuka nalo mteremko mpaka bonde la Rukwa, mpaka Mtowisa, tumbo la gari likikwaruza mawe njia nzima, akachanje ng'ombe wa Wasukuma. Wale wafugaji walikuwa wakimwona anajichomoa mle ndani na sanduku lake la sindano, mrefu vile, wanacheka mpaka wanapiga makofi. Baba hakujali. Alikuwa mtu mpole, asiyetaka makuu, na hilo gari ndilo lilikuwa ukaidi wake pekee.

Lilikuwa jekundu. Jekundu la kuonekana toka mlima wa pili.

Nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa tunakaa Mollo, kwenye boma la bibi mzaa baba. Mwezi wa kwanza, mvua ya mchana, radi ikapiga zizi. Ng'ombe wawili wakafa wamesimama, wakaanguka baadaye. Kwetu Ufipa hakuna asiyelijua hili: wingu likianza kunguruma, aliyevaa nguo nyekundu anavua au anaingia ndani, maana nyekundu inaita radi. Watoto wa shule wenye sweta nyekundu huzigeuza nje ndani. Basi bibi akatoka, akawatazama ng'ombe wake, akalitazama gari lililosimama hatua ishirini kutoka zizini, akasema neno moja tu kwa Kifipa, kwamba kile kitu kimewaita. Baba, mtu aliyesoma, mtu wa sindano na hadubini, alisimama pale kama saa nzima. Kisha akaenda mjini kwa miguu, akarudi na kopo la rangi ya kijani ya kupakia madirisha, na brashi.

Na brashi, jamani! Gari la spoti! Alilipaka mchana kutwa, michirizi ya brashi ikionekana kama mistari ya jembe shambani. Nililia mpaka nikatapika. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Mama amesema." Basi. Tangu siku ile hakuliosha tena Jumamosi. Mwaka uliofuata injini ikafa, na hakuhangaika nayo. Likawekewa magunia ya ulezi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na mimi nikakua nikiwa na kinyongo na rangi ya kijani. Nilijiapiza kwamba siku nikishika fedha yangu, gari lile litarudi jekundu, na radi ije tuonane.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja macho ya baba yakaanza kumtupa. Nilishamhamishia kwangu Kizwite. Nikamwona anamimina chai pembeni ya kikombe, anaisikia inamwagika, anajifanya ndivyo alivyotaka. Nikampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kabisa, alituambia wazi: ni presha ya macho, kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa ya matone ni ya kushikilia kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Pengine mwaka hautaisha nacho hakijaondoka. Baba alisikiliza kama anaambiwa habari za ndama wa jirani, akamshukuru, akavaa kofia yake.

Siku tatu baadaye shangazi alikuja dukani. Ni mdogo wake baba, wamebaki wawili tu kati ya saba. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka anataka aione gari yake imepakwa rangi. Kabla." Hakumalizia, nami sikumwuliza kabla ya nini.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyo, la sivyo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Kwetu, baba hamwambii binti yake habari za mwili wake. Binti naye hamwulizi. Tumbo likimuuma, anamwambia dada yake, dada yake ananiambia mimi, mimi nanunua dawa, naiweka mezani bila neno, naye anaimeza bila neno. Ndiyo heshima yetu. Hata hospitali tulivyokwenda, hakuna aliyesema "macho". Tulisema tunakwenda kupima. Mimi ninayewafokea madereva wa malori mpaka wanazima injini, mbele ya baba yangu ni shikamoo na macho chini.

Hata hivyo nilijaribu. Jioni nilimwuliza, "Baba, lile gari tunataka kulitengeneza. Tulipake rangi gani?"

Akasema, "Mtakavyoona ninyi, mama."

Huniita mama. Na hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Ukimwuliza chumvi imetosha, mtakavyoona ninyi. Ukimwuliza kama ana baridi, mtakavyoona ninyi. Nikasema kimoyomoyo, hewala, ninavyoona mimi ni nyekundu.

Tukalibeba gari kwa lori toka Mollo, tukalishusha uani nyuma ya duka langu, ambako kuna fundi rangi niliyempangisha kibanda. Huyu ni mtu wa ziwani, mswalihina, alianza kwa kupaka boti huko Tanganyika kabla ya kuhamia magari. Mkono wake ni mzuri sana. Mdomo wake unanishinda hata mimi. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akasema, "Dada, hili tulipulize silva. Wateja wote siku hizi silva."

"Silva ya sufuria?"

"Silva inauzika, dada."

"Nani kakwambia linauzwa?" Nilimjia juu mpaka akainua mikono. "Hili lina mwenyewe. Ondoa hiyo kijani ya madirisha, halafu utaniita."

Akaiondoa kwa msasa, wiki nzima ya kwanza ya Januari. Siku aliyoniita, alikuwa amevua mpira wa mlango, na chini ya mpira kulikuwa na kipande upana wa vidole viwili ambacho jua halikuwahi kukigusa, wala brashi haikufika. Chekundu kile kile. Nilichuchumaa pale na nguo zangu za dukani, nikakigusa. Nikamwambia fundi, "Hii hapa. Nataka hii, si binamu yake."

Ndipo shangazi akaingia uani. Akaangalia kidole changu kilipo, akasema, "Nyekundu hapana."

"Kwa nini?"

"Radi, mwanangu. Unajua mwenyewe. Ndiyo masika haya."

Miaka yote ile ikanipanda kichwani. Nilimwona bibi. Niliona brashi. Nikamwambia gari linakaa juu ya matairi ya mpira, nikamwambia minara ya simu imejaa mji mzima na ndiyo inayopigwa, nikamwambia ng'ombe walikufa kwa sababu zizi lilikuwa chini ya mti mrefu, na kwamba mtu mzima aliyekaa mjini miaka thelathini anapaswa kuona aibu. Yeye akawa anarudia tu, taratibu, "Basi njano. Njano ni nzuri. Au nyeupe."

"Njano ya madumu ya mafuta ya kula?"

"Njano, mwanangu."

Hapo ndipo nilipomwambia yale ya uzee na ya kwenda kuogopa kwake. Wateja wa misumari wakaangalia chini. Shangazi akajifunga khanga yake vizuri, akasema, "Haya," akaenda zake. Fundi, ambaye siku zote ana la kusema, siku hiyo alikuna shingo tu. Nilijiona nimeshinda, na niwaambie ukweli, nililala usingizi mtamu.

Ikaanza kazi ya kuitafuta ile nyekundu. Mchanganyiko wa kwanza ukatoka rangi ya tofali. Nikamwambia futa. Wa pili ukatoka wa nyanya iliyolala siku tatu sokoni. Futa. Mvua ikawa inanyesha kila siku saa nane, na rangi ya gari haipulizwi hewa ikiwa na maji, inafanya malengelenge. Ikitokea siku kavu, umeme unakatika, kompresa inanyamaza, fundi anakaa kwenye ndoo anasimulia habari za samaki. Nilimfokea. Niliwapigia watu wa umeme nikawafokea. Nikaagiza kopo jingine kutoka Mbeya, nikalirudisha, nikamfokea aliyelileta. Kila mara nilikwenda kulinganisha na kile kipande cha chini ya mpira, na kila mara nikasema bado. Shangazi akarudi mara mbili. Hakuingia uani tena. Alisimama mlangoni mwa duka, akauliza, "Mmeamua njano?" Nami nikamjibu, "Tumeamua nyekundu, shangazi," kwa adabu ile inayokera kuliko tusi.

Wiki nane. Wiki nane tangu gari lishushwe mpaka siku ya Machi ambayo fundi alilipuliza mkono wa mwisho, na nikasimama mbele yake nikashindwa kusema bado. Lilikuwa lenyewe. Lilikuwa gari la utoto wangu, limekaa uani linametameta, na wapita njia wakawa wanachungulia juu ya ukuta wakisema aisee.

Nikaenda kumchukua baba. Nilimwambia avae koti, tunakwenda dukani kuna kitu cha kuona. Alivaa koti lake la kazi, lile la serikali. Nikamshika kiwiko kumvusha mtaro, kama vile mimi ndiye ninayejishikilia kwake, si yeye anayeshikiliwa. Tukaingia uani saa nne asubuhi, jua limetoka, wingu hakuna. Nikamsimamisha hatua tatu mbele ya boneti. Fundi akavua kofia.

Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mmefanya vizuri sana. Nyeusi ni rangi ya heshima."

Fundi alinitazama, nami nikamtazama fundi. Baba akasogea, mkono mbele, akaligusa boneti, akalipapasa. "Nyeusi haichoki haraka," akasema. "Asante, mama." Kisha akaomba kwenda kukaa.

Nilimrudisha nyumbani, nikamkalisha, nikapanda bodaboda mpaka kwa shangazi. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani, sijui hata kwa lipi. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Baba haoni nyekundu."

"Najua," akasema, hajainua macho.

"Unajua?"

"Aliniambia tangu Krismasi. Nyekundu imekuwa giza kwake. Kijani imekuwa giza. Bluu imekuwa giza. Njano ndiyo inayomfikia, na nyeupe kidogo jua likiwaka. Alinituma. Akasema, waambie wanangu wapake njano, lakini usiseme sababu yangu."

"Sasa si ungeniambia, shangazi!"

"Nikwambie nini? Kwamba baba yako ni kipofu? Uani kwako, mbele ya wanunua misumari?" Hapo akaniangalia. "Nilikupa radi. Nilidhani radi itatosha. Nani hapa Sumbawanga anayebishana na radi? Mtu mwingine yeyote angesema haya shangazi, njano, yakaisha."

Alisema kweli. Ukitaka kumsitiri mtu kwetu, unamtafutia sababu ambayo hakuna atakayeihoji. Alichagua sababu nzuri kuliko zote, na akampelekea mtu pekee katika mkoa mzima ambaye angeipiga teke. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha. Nilimkasirikia baba kwa mtakavyoona yake. Nilikasirikia heshima yenyewe, heshima gani hii ya kumwacha mtu azame kwa adabu. Nikapiga teke ungo wa maharage, kisha nikapiga magoti nikaanza kuyaokota, moja moja, huku nalia kwa hasira, na shangazi ananiambia, "Okota na yale ya chini ya kiti."

Jioni ile nilifanya kitu ambacho hakijawahi kufanywa nyumbani kwetu. Niliketi mbele ya baba yangu, nikamwangalia usoni, nikamwuliza, "Baba, unaona nini?"

Nikadhani atasimama aondoke. Kisha akasema, "Wewe nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Ukivaa lile gauni lako la manjano, nakuona."

Kesho yake nikampeleka uani. Fundi alikata vipande vya bati, akavipulizia kila njano aliyoijua: ya ndimu, ya yai, ya embe, ya alizeti. Akasimama navyo juani, akiviinua kimoja kimoja. Baba amekaa kwenye kiti hatua tano mbele.

"Hii, mzee?"

"Hapana."

"Na hii?"

"Kama. Hapana."

"Na hii?"

"Hiyo," baba akasema, akainyoshea kidole, kidole kikaenda moja kwa moja penyewe. "Hiyo nimeiona."

Ilikuwa njano ya madumu ya mafuta. Ile ile. Rangi mbaya kuliko zote duniani kupaka gari la spoti. Tukaiparua nyekundu yangu yote kwa msasa, nami nilishika msasa mwenyewe mpaka vidole vikachubuka, na vumbi jekundu likanijaa puani siku tatu. Mvua za Machi na Aprili hazikutuhurumia, zilikula wiki nyingine saba. Lakini hakuna kopo lililorudishwa, na sikumfokea mtu. Mwisho wa Aprili likawa limekauka. Bodaboda wakaliita dumu. Nikawaacha waliite.

Tuliliweka mbele ya nyumba, baraza linapolitazama. Asubuhi ya kwanza baba alitoka mlangoni, akasimama, akashuka ngazi mbili bila kushika ukuta, akatembea mpaka kwenye gari, na mkono wake ukaenda kwenye kitasa cha mlango bila kupapasa. Akafungua, akaingia, akakaa. Shangazi akaja na uji. Walikaa mle ndani wote wawili na vikombe vyao, magoti yamewafika kifuani, wakicheka kwa Kifipa mambo ya kabla mimi sijazaliwa. Kila asubuhi ikawa hivyo. Akitoka mlangoni anasema, "Lipo," kama anamsalimu mtu.

Mwezi wa sita, asubuhi moja ya upepo, jua likiwa kali na mbingu safi kabisa, alisimama mlangoni. Kisha akauliza kwa upole, "Leo gari mmelipeleka wapi?"

Lilikuwa mbele yake. Shangazi akanibana mkono nisiseme. Nikasema. "Lipo hapo hapo, baba." Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akautafuta ukuta, akarudi ndani.

Watu hunifariji. Wananiambia aliliona, mshukuru Mungu. Fundi ananiambia hivyo, hata shangazi ananiambia. Nawajibu waniache na hesabu yangu. Aliliona wiki tano. Nyekundu yangu ilikula wiki nane.